Wasimamizi watatu, tasnifu moja: nimfuate nani?

BARUA

Shikamoo Mwalimu. Naomba unisomee hadi mwisho, najua barua ni ndefu.

Niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu. Shahada mbili za mwanzo nilisomea uhandisi wa umeme, lakini jioni nilikuwa nafundisha hisabati, na huko ndiko lilikotoka wazo la utafiti wangu. Nachunguza shule zinazotumia umeme wa jua. Zipo zilizonunua mfumo kwa fedha taslimu, na zipo zinazolipa kidogo kidogo kwa kampuni iliyowafungia. Hizi za pili zikichelewesha malipo, kampuni huuzima mfumo kwa mbali mpaka deni lipunguzwe. Nataka kujua kama namna ya kulipia inaathiri upatikanaji wa umeme, na kama umeme huo unaathiri ujifunzaji wa watoto. Chuo kililipenda wazo hilo, nikapewa wasimamizi watatu: wa uhandisi, wa elimu na wa fedha. Wakati ule nilijiona nimebahatika.

Nina shule 30, nusu kwa nusu, na wanafunzi 40 kutoka kila shule, jumla 1,200. Katika kila shule kuna kifaa changu kinachorekodi volti ya betri na mkondo wa umeme kila dakika. Betri zote ni za risasi, mfumo wa volti 12. Nina mikataba ya malipo, nina mahojiano na walimu, na nina alama za mitihani ambazo walimu wakuu walinipa pamoja na majina ya wanafunzi. Kibali cha kamati ya maadili nilichukua cha kufunga vifaa.

Majuzi niliwapelekea rasimu ya sura nne. Zilirudi rasimu tatu ambazo ukizisoma huwezi kuamini zinazungumzia kazi moja. Pembeni mwa jedwali langu kubwa, msimamizi wa elimu ameandika: "Sampuli ni ndogo kuliko unavyodhani. Watoto wa shule moja hawahesabiki kama watu 40." Wa fedha, kwenye jedwali hilohilo: "Makosa sanifu yapangwe kwa klasta. Tena shule hazikupangwa kwa kura, huwezi kudai kwamba njia ya malipo ndiyo iliyosababisha." Wa uhandisi, kwenye grafu: "Kipimo cha dakika hii kinategemea cha dakika iliyopita. Usivihesabu kama ushahidi mpya."

Baada ya hapo kila mmoja na lake. Wa uhandisi anataka sura nzima ya usanifu wa mfumo, na makala ya kongamano kabla ya mwisho wa mwaka. Wa elimu anataka nadharia ya ujifunzaji itangulie na michoro ya saketi itolewe. Wa fedha anataka nikokotoe thamani ya sasa ya faida zote kwa fedha, ikiwemo faida ya mtoto kujifunza. Wa elimu alipoiona hesabu hiyo aliandika "Sikubali" na kuipigia mstari mara mbili.

Halafu kuna suala la majina kwenye makala. Wa fedha anasema yapangwe kialfabeti. Jina langu la ukoo linaanzia na W, kwa hiyo nitakuwa wa mwisho kwenye kazi niliyoifanya mwenyewe. Wa uhandisi anasema mwanafunzi awe wa kwanza na yeye afunge orodha. Wa elimu amenyamaza, ila najua hajafurahi.

Ufadhili wangu unakwisha mwakani. Mwenzangu mmoja ananishauri niwaache wawili nibaki na mmoja, maana mshika mbili moja humponyoka, nami nimeshika tatu. Mwingine anasema kazi ya namna hii haina idara itakayoniajiri. Nimfuate nani, Mwalimu?

Mtafiti njia panda

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimesoma hadi mwisho, na sentensi iliyonishtua haimhusu msimamizi yeyote. Umeipitisha kwa haraka: kibali ulichukua cha kufunga vifaa, lakini mezani kwako una alama za watoto 1,200 pamoja na majina yao. Tuanzie hapo, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri wiki moja, hili haliwezi.

Mwalimu mkuu kukukabidhi faili hakumaanishi mzazi ameridhia, wala mtoto mwenyewe ameulizwa. Wahandisi wengi hujikwaa hapa bila nia mbaya, kwani wamelelewa kwenye maabara ambako betri haiombwi ruhusa. Waliosomea elimu hufundishwa mapema kanuni zilizoandikwa kwenye Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, ripoti ya Marekani kuhusu maadili ya kutafiti watu: kumheshimu mtu, kumtakia mema na kumtendea haki, na mtoto hupewa ulinzi wa ziada kwa kuwa hawezi kujisemea kikamilifu. Leo hii acha kuzitumia alama hizo. Usizifute, usizitume kwa barua pepe kwa mtu yeyote, zifungie kwa nywila. Kisha iandikie kamati ya maadili ueleze ulichonacho, ulivyokipata, na unachoomba. Kamati nyingi hazitoi kibali cha kurudi nyuma, ila huweza kuruhusu kumbukumbu ambazo shule ilikuwa nazo tayari zitumike baada ya majina kuondolewa na shule yenyewe, au zikakutaka uombe ridhaa upya. Jibu lolote watakalotoa ni bora kuliko mtahini kuligundua jambo hili siku ya utetezi. Mwombe msimamizi wa elimu akusaidie kuiandika barua hiyo. Atakuheshimu zaidi ukimwendea mwenyewe.

Sasa rudi kwenye zile rasimu tatu.

Umeninukulia maelezo matatu kama ushahidi kwamba wasimamizi wako hawaelewani. Yasome tena taratibu. Wa elimu anasema watoto wa shule moja wanafanana. Wa fedha anasema makosa sanifu yapangwe kwa klasta, yaani shaka ya makadirio yako ipimwe kwa kuichukua kila shule kama kundi moja. Wa uhandisi anasema kipimo kinategemea kilichokitangulia. Wote watatu wamekwambia jambo lile lile: ushahidi wako ni mdogo kuliko wingi wa mistari kwenye faili lako. Hapo hakuna ugomvi hata kidogo, kuna watu watatu wazoefu wameona ufa uleule kwenye ukuta wako kila mmoja akiwa amesimama upande wake.

Na ufa wenyewe ni mkubwa. Piga hesabu nami. Watoto wa shule moja wana mwalimu mmoja, ratiba moja na taa zilezile, kwa hiyo alama zao huenda pamoja. Watakwimu hupima kufanana huko kwa uwiano wa ndani ya kundi, na kwenye alama za mitihani si ajabu kukuta 0.2. Kanuni ni nyepesi: chukua 1, ongeza idadi ya watoto wa shule ukitoa mmoja, mara uwiano huo. Kwako ni 1 + 39 × 0.2, yaani 8.8. Gawanya 1,200 kwa 8.8 unapata kama 136. Watoto wako 1,200 wana uzito wa ushahidi wa watu 136 wasiohusiana. Na kwa swali la njia ya malipo hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mkataba ni wa shule nzima, mtoto mmojammoja hana mkataba wake. Hapo una 30 tu, 15 kwa 15.

Kwa shule 30 zilizogawanywa nusu kwa nusu, uwiano ukiwa 0.2 na bila alama za awali za kulinganishia, tofauti ndogo kabisa unayoweza kutegemea kuiona mara 8 kati ya 10 ni karibu nusu ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Je, hiyo ni nyingi? Matthew Kraft, mtafiti wa elimu, alichapisha mwaka 2020 mapendekezo ya namna ya kusoma ukubwa wa athari kwenye elimu, na kwake athari inayofikia 0.20 ya mkengeuko huo kwenye mitihani tayari ni kubwa. Wewe umejenga mzani usioweza kuona chochote chini ya mara mbili ya hiyo. Ukikuta hakuna tofauti, kama ninavyotarajia, utaandika kwamba umeme hausaidii ujifunzaji, na itakuwa si kweli. Utakuwa tu hukuweza kuona. Shule kadhaa zinaweza kukosa taa kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Ndiyo maana nakwambia kwa uchungu: usiiandike.

Alama za mitihani haziwezi kubeba tasnifu hii. Hata kamati ikikuruhusu uzitumie, ziweke sura ya pembeni na ueleze wazi uwezo wake mdogo. Tasnifu yako iko mahali pengine, na kwa jinsi ulivyoeleza barua yako sidhani kama umeiona bado.

Chukua saa moja ya jioni ambayo darasa lilipaswa kuwa na mwanga na halikuwa nao. Kwa nini lilikuwa giza? Kifaa chako kinaweza kuanza kujibu. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6 au 12.7. Inapotumika volti hushuka polepole, na kidhibiti cha chaji hukata mzigo inapokaribia 11 hadi 11.5, kisha volti hupanda kidogo kwa kuwa betri imepumzishwa. Mkondo ukikatika baada ya mteremko wa namna hiyo, jua ni betri iliyoishiwa: hilo ni tatizo la uhandisi, ama mfumo ni mdogo, ama betri imechoka, ama paneli ina vumbi. Lakini mkondo ukikatika ghafla volti ikiwa bado 12.5, betri haina kosa. Hapo pengine kampuni imezima kwa sababu ya deni, na hilo ni suala la fedha. Au mtu amezima swichi akaenda zake, kwa kuwa mwalimu wa zamu hakuja au ufunguo wa darasa ulikuwa kwa mtu mwingine, na hilo ni suala la shule na uongozi wake. Kwenye grafu yako hali hizi mbili za mwisho zinafanana kabisa. Ili uzitenganishe unahitaji kumbukumbu za kampuni zinazoonyesha lini mfumo ulifungwa, na unahitaji zile sauti za walimu ulizonazo tayari kwenye mahojiano.

Unaona kilichotokea? Saa moja ya giza imehitaji taaluma zako zote tatu, na hakuna hata moja kati yake ambayo ingeijibu peke yake. Mhandisi peke yake angeshauri betri kubwa zaidi kwa shule yenye tatizo la deni. Mtu wa fedha peke yake angebadilisha mkataba wa shule ambayo betri yake imekufa. Mtu wa elimu angeandika kwamba walimu hawajitumi, kumbe mlango wa darasa ulikuwa wazi na taa zimefungwa kwa mbali. Kugawanya saa za giza kwa chanzo chake, shule kwa shule, hicho ndicho nitakachotaka kusoma kwenye tasnifu yako, na data yake unayo isipokuwa zile kumbukumbu za kampuni. Ziombe sasa hivi kwa maandishi, maana kampuni nazo hubadilisha mifumo na kupoteza mambo.

Ukizipata, zilinganishe na kalenda ya shule. Marejesho ya mkopo kwa kawaida hudaiwa kila mwezi, wakati fedha nyingi za shule huingia mwanzoni mwa muhula. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwenye mikataba yako, basi mfumo utakuwa unafungwa zaidi mwishoni mwa muhula, wakati watoto wanajiandaa kwa mitihani. Sijui kama ndicho utakachokikuta, hili ni jambo la kupima. Lakini likithibitika, kampuni inaweza kurekebisha tarehe za kudai bila kupoteza hata senti, na huo ni ugunduzi unaostahili miaka yako mitatu.

Hapa pia kuna jibu la kiasi kwa msimamizi wa fedha anayesema shule hazikupangwa kwa kura. Ana haki. Shule inayoweza kulipa taslimu huenda ina mambo mengine mengi mazuri, na huwezi kuziweka bega kwa bega na zile za mkopo ukadai umepima mkataba. Angalia kama kuna shule zilizomaliza deni katikati ya kipindi chako cha kupima. Kama zipo, linganisha kila moja na yenyewe, kabla na baada: walimu walewale, paneli zilezile, isipokuwa kufuli, yaani ule uwezo wa kampuni kuuzima mfumo kwa mbali, imeondoka. Hata hiyo haina usafi wa kura, kwa kuwa shule inayomaliza deni haikumaliza kwa bahati nasibu, ila ni hoja imara kuliko uliyonayo.

Sasa nimfuate nani, unauliza. Usimwache yeyote, lakini chagua mwenyeji. Nyumba inaweza kupokea wageni wawili wa heshima, ila lazima ijulikane nani ana funguo. Kwa maana ya tasnifu, mwenyeji ni taaluma ambayo kipimo chake kinabeba dai lako kuu, na ambamo mtahini wako wa nje atatoka. Kwako wewe, baada ya haya niliyoyaeleza, ni uhandisi: dai lako linasimama juu ya kifaa ulichokijenga na kukisoma mwenyewe. Elimu itakusaidia kujua ni saa ipi ya mwanga yenye maana kwa mtoto. Fedha itakueleza kwa nini kufuli huja siku fulani na si nyingine.

Uchaguzi wa watahini si jambo dogo. Mwaka 1900 jijini Paris, Louis Bachelier alitetea tasnifu iliyotumia hisabati kueleza kupanda na kushuka kwa bei kwenye soko la hisa. Ndani yake kulikuwa na hisabati ya mwendo wa nasibu miaka mitano kabla ya Einstein kuandika makala yake mashuhuri ya mwaka 1905 kuhusu mwendo wa chembe. Henri Poincaré, aliyeandika ripoti ya tasnifu hiyo, alisifu uhalisi wake, lakini alitaja pia kwamba mada iko mbali kidogo na zile zilizozoeleka kwa watahiniwa wao. Bachelier alifaulu, ila hakupewa daraja la juu kabisa, na wanauchumi walikuja kuijua kazi yake kwa upana zaidi ya nusu karne baadaye. Aliyekuwa anamsoma alikuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa kabisa wa zama zake, tena alimsoma kwa haki, na bado uzito wa kuwa mbali na mazoea ulimwangukia mtahiniwa. Wewe una nafasi aliyoikosa yeye. Mwombe msimamizi wako mkuu mapema apendekeze mtahini mhandisi aliyewahi kufanya kazi na shule au na watu wa mikopo midogo. Usingoje chuo kikupangie.

Wakishajua nani mwenyeji, ugomvi mwingi wa ukurasa utakwisha wenyewe. Michoro ya saketi inabaki, lakini miwili au mitatu, mingine iende kwenye kiambatisho. Nadharia ya ujifunzaji inapungua, inabaki ile sehemu inayoeleza muda wa kujisomea una thamani gani.

Unabaki ugomvi mmoja wa kweli, ule wa "Sikubali". Hapo sitajificha: niko upande wa msimamizi wa elimu, ila sababu yangu ni ya kihesabu. Ili upate thamani ya sasa ya faida za miaka 20 ijayo, lazima uchague kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo thamani ya faida hupunguzwa kwa kila mwaka wa kuingoja. Faida ya 100 itakayopatikana mwaka wa 20 ina thamani ya karibu 38 leo ukitumia asilimia 5, na karibu 10 ukitumia asilimia 12. Kwa hiyo kabla hujagusa data yoyote ya shule, uchaguzi wako wa namba moja tayari umeamua kama mtoto anafaa kuwekewa taa. Juu ya hapo unatakiwa ubuni bei ya mtoto kuelewa sehemu za desimali, na bei hiyo hutaipata kwenye shule 30. Henry Levin, mwanauchumi aliyefundisha Stanford na baadaye Columbia, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwaonyesha watu wa elimu njia nyingine: pima gharama kwa fedha, pima matokeo kwa kizio chake chenyewe, kisha linganisha. Kwako itakuwa gharama ya kila saa moja ya mwanga iliyotumika darasani, kwa taslimu na kwa mkopo, riba na betri za kubadilisha zikiwemo. Gharama zipunguzie thamani kwa viwango viwili au vitatu na uyaonyeshe majibu yote. Msimamizi wa fedha atapata nidhamu anayoitaka kwenye upande wa gharama, wa elimu hatalazimika kukubali bei ya mtoto. Nadhani wote wawili watatia saini.

Hata hivyo usiende kuwapatanisha mmoja mmoja ofisini. Mwanafunzi anayebeba maneno kati ya maprofesa watatu huishia kuwa mkosaji wa wote. Andika ukurasa mmoja: swali, dai kuu, kipimo, taaluma mwenyeji, sura na tarehe zake, orodha ya makala. Utume wiki moja kabla, kisha omba kikao cha pamoja cha saa moja, mkuu wa masomo ya uzamili akiwepo ikiwezekana. Omba mambo mawili yaamuliwe hapo hapo: msimamizi mkuu ni nani, na maoni yote yapitie kwake yakufikie katika faili moja. Siku hiyohiyo watumie kwa barua pepe mlichokubaliana. Miezi sita baadaye mtu akikwambia "mimi nilisema tangu mwanzo," utakuwa na pa kurejea bila kumvunjia heshima.

Majina nayo yaandikwe kwenye ukurasa huo. Hakuna anayekudhulumu hapa, ni desturi tofauti. Kwenye uchumi na fedha kupanga kialfabeti ni kawaida na msomaji wa huko haoni cheo kwenye mpangilio. Kwenye uhandisi wa kwanza ndiye aliyefanya kazi, na wa mwisho mara nyingi ndiye kiongozi wa maabara. Kwenye elimu hupangwa kwa ukubwa wa mchango. Pendekeza kwamba kila makala ifuate desturi ya jarida inakokwenda, na kila makala iwe na maelezo ya mchango. Upo mfumo uitwao CRediT wenye aina 14 za mchango, kuanzia kubuni wazo hadi kuandika rasimu, na majarida mengi huukubali. Makala ya uhandisi itoke kwanza, wewe ukiwa wa kwanza, kwa kuwa kongamano hutoa jibu ndani ya miezi wakati makala ya fedha inaweza kuzunguka kama rasimu kwa miaka. Ile ya kialfabeti iwekee tanbihi inayosema wewe ndiye uliyekusanya na kuchambua data. Kamati ya ajira ya wahandisi itakayoona W mwishoni inahitaji kuisoma tanbihi hiyo.

Kuhusu ajira, mwenzako hajakosea kabisa. Lindell Bromham na wenzake walichambua zaidi ya maombi 18,000 yaliyopelekwa Baraza la Utafiti la Australia katika miaka mitano, wakachapisha mwaka 2016 kwamba kadiri ombi lilivyounganisha taaluma zilizo mbali zaidi, ndivyo uwezekano wa kufadhiliwa ulivyopungua. Hilo lijue. Lakini kusema hakuna idara si kweli. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilianzisha idara ya elimu ya uhandisi mwaka 2004. Watu wa uchumi wa elimu wana jarida lao tangu 1981. Na idara za kawaida za umeme zinahitaji mtu anayeweza kufundisha uchumi wa miradi ya uhandisi, somo ambalo wahandisi wengi hulisoma na wachache wanapenda kulifundisha.

Anayekuuliza unasoma nini, mwambie wewe ni mhandisi wa umeme unayepima kwa nini taa za shule huzimika. Akitaka zaidi, mweleze ile saa moja ya giza na vyanzo vyake. Na ile barua ya kamati ya maadili, ianze leo jioni.